Yajue maji ya nyumbani kwako kabla ya kununua samaki wa mapambo

Anayeanza kufuga samaki wa mapambo kwa kawaida huanzia mwisho. Anaingia dukani, anavutiwa na samaki wa rangi ya chungwa, anauliza bei ya bakuli la kumwekea, anafika nyumbani na kulijaza maji yoyote yaliyopo. Wiki mbili baadaye samaki amekufa, na muuzaji anamwambia maji yake hayakufaa. Ni kweli, ila alipaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa. Maji yanayoingia nyumbani kwako, joto la sebule yako na mwenendo wa umeme wa mtaa wako ni mambo usiyoweza kuyageuza kirahisi. Samaki unaweza kumchagua. Kwa hiyo hapa tunaanza na maji, kisha tangi na vifaa, kisha mwezi mzima wa kusubiri, na samaki wanakuja mwishoni.

Maji uliyonayo

Jambo la kwanza kulijua ni ugumu wa maji. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa au matumbawe hubeba kalsiamu na magnesiamu, na hata bila kipimo utayatambua: sabuni ya kipande inagoma kutoa povu, na birika linaota ukoko mweupe ndani. Visima vingi vya pwani viko hivyo. Maji ya mvua na ya mito inayoshuka milimani huwa laini, sabuni inateleza mwilini na birika linabaki safi. Maji magumu kwa kawaida huwa na pH (kipimo cha uchachu wa maji, ambacho 7 ni katikati na chini yake ni uchachu) ya juu, 7.5 hadi 8.5, nayo haiyumbi. Maji laini yana pH ya chini inayoweza kuporomoka ghafla kwa sababu hakuna madini ya kuishikilia. Ukitegemea maji ya mvua peke yake, yachanganye nusu kwa nusu na ya bomba au ya kisima.

La pili ni klorini. Maji ya bomba la mjini hutiwa klorini ili yanywewe salama, na klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa kwenye filta. Ukiyaacha kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 hadi 48, hasa yakipulizwa hewa, klorini huruka. Mahali ambapo mamlaka ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakusaidii. Unahitaji dawa ya kuondoa klorini, ambayo kiini chake mara nyingi ni sodiamu thiosalfeti. Inunue hata kama bomba lako halitoi harufu yoyote. Chupa ndogo hutumika kwa miezi.

Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo na kabonidioksidi nyingi, kiasi kwamba pH ya saa ya kwanza huwa tofauti na ya kesho yake. Yalaze usiku kucha yakipulizwa hewa ndipo uyapime. Kama yana ladha ya chumvi, chaguo lako limeshapungua: samaki wanaoitwa moli watayafurahia, wadogo waitwao gapi watayavumilia, wengine wengi hapana.

Kisha joto. Anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja hana sababu ya kununua hita. Shida yake iko upande wa pili: kwenye miezi ya joto kali maji ya tangi hufika nyuzi 30, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo, kama miligramu 7.5 kwa lita, wakati ya nyuzi 20 hushika kama 9. Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya, usiku wa Juni hadi Agosti ndio unaoua. Huko hita ni lazima kwa samaki wengi wa kitropiki, kwa kipimo cha wati moja kwa kila lita. Tangi la lita 50, hita ya wati 50. Nunua pia kipimajoto cha kioo, maana namba zilizoandikwa kwenye hita za bei rahisi si za kuaminiwa.

Tangi, na fundi anayelitengeneza

Usianze na bakuli. Uchafu wa samaki mmoja kwenye lita 5 ni sumu ndani ya siku chache. Uchafu huohuo kwenye lita 50 umepunguzwa makali mara kumi, na kosa lako la leo utaliona kesho ukiwa bado na nafasi ya kulirekebisha. Tangi dogo ndilo gumu kulitunza, ingawa macho yanadanganya kinyume chake.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni urefu wa sentimita 60, upana 30, kimo 30. Likijaa hadi ukingoni hubeba lita 54. Ukitoa changarawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 45. Pamoja na kioo na mawe, mzigo wote ni kilo 65 hivi. Kabati la mbao za kubandika lililolowa mara mbili halifai kubeba hayo.

Matangi mengi ya mijini hutengenezwa na mafundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu, na hakuna ubaya, mradi usimamie mambo machache. Kwa kipimo hicho, kioo kiwe milimita 5, na 6 ni bora zaidi. Kingo zisagwe zisikate mkono. Silikoni ndiyo ya kuangalia kwa makini: ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu huua samaki polepole, na hutajua kinachowaua. Mwambie fundi atumie silikoni tupu ya akwariamu (tangi la samaki) au ya kioo isiyo na dawa hiyo. Ile inayonuka siki wakati inakauka ndiyo ya kawaida kwa kazi hii. Liache tangi likauke wiki nzima, lijaze maji likiwa nje kwa saa 48, pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, na uone kama inalowa. Ndani ya nyumba, litandikie stairofomu bapa ya kama sentimita moja, maana chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua mzigo ukikaa juu yake. Liwe mbali na dirisha, na liwe na mfuniko; samaki huruka, na paka wa nyumbani anajua hivyo.

Changarawe na mawe ya kuokota yajaribiwe kwa siki. Dondoshea matone machache. Yakitoa mapovu, yana chokaa, na yataendelea kupandisha ugumu wa maji. Kwa samaki wa maji magumu hilo ni faida. Kwa samaki wa maji laini ni balaa la polepole. Osha changarawe kwa maji matupu hadi yatoke meupe, bila sabuni hata tone.

Bajeti ya filta isiliwe na mapambo

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu kizuri, kiwe filta. Zile jahazi za plastiki na mafuvu yanayofungua mdomo vinaweza kusubiri.

Kwa nchi zenye umeme wa kukatika, sisi tunapendelea filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Ni sponji iliyovishwa kwenye bomba. Hewa ikipanda ndani ya bomba huvuta maji kupitia kwenye sponji. Haina cha kuharibika, haivuti vifaranga vya samaki, inachochea uso wa maji ili oksijeni iingie, na umeme ukizimika sponji inabaki ndani ya maji ya tangi, hivyo bakteria wake hawakosi hewa upesi. Filta za kufungwa ndani ya kopo huwa na nguvu zaidi, lakini umeme ukikosekana saa nyingi, bakteria waliofungiwa humo hufa na kuoza; ukiiwasha bila kuisuuza, inamwaga uozo wote kwenye tangi. Ukichagua filta ya mota, tafuta inayosukuma maji mara nne hadi sita ya ujazo wa tangi kwa saa, yaani lita 200 hadi 300 kwa tangi letu.

Pampu ya hewa ikae juu kuliko uso wa maji, au mrija wake uwekewe vali ya kuzuia maji kurudi. Bila hivyo, siku umeme utakapokatika maji yatashuka kwenye mrija, yataiua pampu na kulowesha sakafu. Kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linaloteremka nao lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Hita izimwe kila unapopunguza maji. Ikikaa hewani ikiwa moto hupasuka. Pampu ndogo ya hewa inayotumia waya wa kuchajia simu, ikichomekwa kwenye pawabenki, itawavusha samaki usiku wa giza. Umeme ukiwa umekatika, usiwape chakula.

Taa ya LED ya saa 6 hadi 8 kwa siku inatosha. Zaidi ya hapo unafuga mwani.

Mwezi wa tangi tupu

Hapa ndipo wanaoanza wanapopotezea samaki wengi, na ndipo wauzaji wengi wanapokaa kimya.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huongeza nyingine. Amonia huunguza matamvua hata ikiwa kidogo. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia hadi utakapobadilisha maji. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji, changarawe na kioo, si ndani ya maji yenyewe. Nao huzaliana taratibu. Tangi jipya huchukua wiki 4 hadi 6 kuwapata wa kutosha. Kwenye joto la pwani huenda upesi kidogo, kwenye baridi huchelewa.

Kwa hiyo washa kila kitu, tia dawa ya kuondoa klorini, na lishe tangi tupu: chembechembe za chakula cha samaki kila siku, kiasi cha kumtosha samaki mmoja mdogo. Chakula kinaoza, amonia inapanda, bakteria wanapata riziki. Baada ya wiki moja au mbili nitriti itaonekana kwenye kipimo, itapanda sana, kisha itashuka. Siku ambayo amonia na nitriti zote zinasoma sifuri huku nitrati ikionekana, na hali ikabaki hivyo hata baada ya kulisha, tangi limekuwa tayari. Vipimo vya matone ni vya kuaminika kuliko vile vya vikaratasi. Ukivikosa, ombi moja kwa mtu mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima litakuokolea wiki kadhaa: akupe kipande cha sponji yake iliyochafuka. Kisafirishe ndani ya maji ya tangi lake, kisikauke, ukifunge kwenye filta yako siku hiyohiyo.

Mwenye maji magumu ana jambo moja la ziada la kuogopa. Amonia huwa na sura mbili majini, moja kali na nyingine ya upole, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye nyuzi 28, maji ya pH 7 huwa na chini ya sehemu moja kwa mia ya amonia katika ile sura kali. Kwenye pH 8 inafika sehemu 6 au 7. Kiwango kilekile cha uchafu ambacho Nairobi kingewachosha samaki tu, kwenye kisima cha pwani kinawaua. Wa pwani asiharakishe.

Katika siku za mwanzo maji huweza kuwa na ukungu mweupe kama yametiwa maziwa. Ni bakteria wa aina nyingine wanaoelea, na wataondoka wenyewe. Anayeingiwa na hofu akamwaga maji yote na kusugua sponji bombani anarudi siku ya kwanza.

Samaki gani, wangapi

Kwa maji magumu na joto la pwani, gapi ndio jibu rahisi, na urahisi wao haupunguzi uzuri. Wameshapelekwa nchi nyingi za joto ili wale viluwiluwi vya mbu, kwa hiyo si samaki wa kudekezwa. Nunua madume matupu, 8 kwa tangi la lita 54. Ukichanganya na majike, kila jike huzaa kwa wastani kila wiki 4, mara nyingi vifaranga 20 hadi 50, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Hata jike uliyemnunua peke yake huenda amekuja na familia. Plati 6 nao wanafaa, jike wawili kwa kila dume ili majike wasisumbuliwe. Moli huvumilia joto na chumvi, lakini huwa wakubwa, hivyo tangi la sentimita 60 ni dogo kwa kundi lao.

Beta dume mmoja, peke yake, ni chaguo jingine zuri kwa pwani. Huvuta hewa juu ya maji, anapenda joto, hataki mkondo mkali. Wawili madume hupigana hadi mmoja afe. Na huko kuvuta hewa si ruhusa ya kumweka kwenye chupa.

Nyanda za juu, nyumba isiyo na hita, danio 8 ndio wanaofaa zaidi: wana sentimita 5, wenye mistari, hawatulii, na nyuzi 18 hadi 25 ndizo zao. Ukiweka hita na maji yako ni laini, mlango unafunguka: neoni 10, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, pamoja na koridora 6 wa aina ndogo, kambare wa kutafuta chakula chini, juu ya mchanga laini usiokwaruza sharubu zao. Hawa wote ni samaki wa kundi. Neoni wawili ni neoni waliojificha nyuma ya filta siku nzima. Kuwapeleka neoni pwani kwenye maji magumu ya nyuzi 30 ni kutupa hela, ingawa kila duka la huko linawauza.

Kisha kuna samaki ambao duniani kote watu hulipa fedha nyingi kuwapata, nao ni wa kwetu. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH ya karibu 9, na samaki wake wamezoea hivyo. Mmoja wao, Neolamprologus multifasciatus, hafikii sentimita 5 na huishi na kuzaa ndani ya magamba matupu ya konokono. Mtandikie mchanga wa kina cha sentimita 5, mwekee magamba mawili au matatu kwa kila samaki (ya konokono wa nchi kavu wenye mdomo wa kumtosha yanafaa), weka samaki 6 bila aina nyingine, na utaona wanavyochimba na kugombania mipaka ya vidole vitatu. Kwa mwenye maji magumu yasiyo na chumvi ni samaki wa kuanzia kabisa. Usimchanganye na mbuna wa Ziwa Nyasa, wale wa manjano na buluu. Hao ni wakorofi na wanadai tangi la lita 200 na kuendelea.

Wa kuwaacha dukani ni wengi, na wote huuzwa wakiwa na urefu wa kidole. Goldifishi hufika sentimita 15 hadi 30 kutegemea aina, huchafua maji sana na hupenda baridi. Oska hufika 30 na hula kila kinachoingia mdomoni. Pleko wa kawaida, yule anayenunuliwa "asafishe kioo", hupita sentimita 30 na yeye mwenyewe ndiye mchafuzi mkubwa. Yule kambare wa fedha anayeitwa papa hukua kupita mita moja.

Dukani, mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Samaki asiyekimbilia chakula, aliyekunja mapezi au anayejikwaruza kwenye mawe, mwache, na usichukue yeyote wa tangi hilo. Nyumbani, acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20, ongeza ndani yake kikombe cha maji yako kidogokidogo, kisha mvue kwa wavu. Maji ya dukani yamwagwe chooni. Anza na theluthi ya samaki uliowapanga, na wengine wafuate baada ya wiki mbili.

Wiki baada ya wiki

Chakula ni kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku, na siku moja kwa wiki wafunge. Viluwiluwi vya maji safi ni karamu. Mkate na ugali huoza na kuchafua tu. Kila wiki toa robo ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu kwenye changarawe. Kwa tangi letu ni kama lita 12, pungufu ya ndoo kubwa moja, na mapya yawe yametolewa klorini na yakaribiane joto na ya ndani. Sponji ikiziba, ikamulie ndani ya ndoo ya maji uliyotoka kuyatoa, kamwe si bombani. Usiitupe hata ikichakaa namna gani mpaka mpya ikae nayo pamoja mwezi mmoja.

Samaki wakihema juu ya maji wote kwa pamoja, usitafute dawa. Angalia kama pampu inafanya kazi, pima amonia na nitriti, badilisha nusu ya maji, acha kulisha. Vidoa vyeupe kama punje za chumvi ni kimelea kinachopenda samaki wapya na waliopigwa baridi. Dawa yake hukiua kinapokuwa kinaogelea tu, si kikiwa kimejichimbia mwilini, ndiyo maana tiba huendelea siku 10 hadi 14 hata kama vidoa vimetoweka siku ya nne. Maji ya kijani ni taa au jua lililozidi, pamoja na chakula kilichozidi.

Samaki wakikuzidi, usiwamwage mtoni wala ziwani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na spishi nyingi za furu, samaki wadogo zilizokuwa humo tu, zikatoweka. Duka lililokuuzia huenda likawapokea bure. Mimea ya ziada ianike juani hadi ikauke kabla ya kuitupa. Maji machafu unayoyatoa kila wiki yamwagie mchicha, nitrati ni mbolea.